Redio ya Lupepo hufuata jua

Je, wajua kwamba msikilizaji wa Lupepo, huko Rungwe, aliweza kumsikia mtangazaji wa Dar es Salaam kabla ya fundi mitambo aliyeketi naye studio moja? Si mzaha. Sauti ya mtu ni nzito ya kutembea: hukata kama meta 340 tu kwa sekunde. Fundi aliye meta tatu kutoka kwa mtangazaji huipata baada ya karibu sehemu tisa kati ya elfu za sekunde. Wimbi la redio hukimbia kilometa 300,000 kwa sekunde, na kutoka Dar es Salaam hadi milima ya Tukuyu, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilometa 680. Safari hiyo huisha kwa sehemu mbili au tatu kati ya elfu. Aliyebandika redio sikioni amekwisha kusikia, fundi bado anangoja. Siku hizi vituo vingi hupeleka sauti mikoani kwa setilaiti iliyo kilometa 36,000 juu, na kupanda na kushuka huko hula robo ya sekunde. Maendeleo yametuchelewesha.

Utangazaji ulianza Dar es Salaam mwaka 1951, na kuanzia 1965 kituo cha taifa kikaitwa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD ya wazee wetu, ambayo leo ni TBC Taifa. Siku yake ilikuwa ya maneno: habari za asubuhi, kilimo, matangazo ya vifo yaliyonyamazisha nyumba nzima, Mama na Mwana kwa watoto, vituko vya Pwagu na Pwaguzi, kisha ngoma na taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Nyumba inayoongea Kinyakyusa kutwa iliketi kimya mbele ya Kiswahili.

Lakini ratiba ile ilikuwa na mhariri mwingine, naye ni jua. Mchana, miali ya jua huamsha tabaka la anga lililo kilometa 60 hadi 90 juu yetu, na tabaka hilo humeza mawimbi ya masafa ya kati (MW) yanapojaribu kupanda. Yanabaki yale yanayotambaa ardhini, ambayo milima na umbali huyachosha. Jua likizama, tabaka lile hutoweka. Mawimbi hupanda hadi matabaka ya juu zaidi, hudunda na kurudi chini mbali sana. Ndiyo maana kituo kilichokuwa kikikoroma adhuhuri kilisikika usiku kama kiko chumba cha pili, mara nyingine kimesindikizwa na mgeni wa nchi jirani anayesema lugha usiyoijua.

Fungua mgongo wa redio ya zamani. Utaona kijiti cheusi, kirefu kama kidole, kimezungushiwa waya mwembamba wa shaba. Hiyo ndiyo antena ya masafa ya kati. Ile ndefu ya kuvuta nje haina kazi hapo. Kijiti hupokea vizuri kikikipa kituo ubavu, na kikikielekezea ncha, sauti hufifia. Babu aliyegeuzageuza redio mezani huku akitukataza kuigusa hakuwa na ushirikina wowote. Alikuwa akitafuta ubavu.

Na betri? Kwingine walizianika juani. Lupepo, kwenye ukungu na mvua, jua ni la kubahatisha, basi zikasogezwa karibu na mafiga. Joto huharakisha kemia iliyochoka ndani ya betri, kwa hiyo ulipata taarifa moja zaidi. (Ukizidisha, betri huvuja na kuila redio.) Mvua yenyewe, inayozidi milimeta 2,000 kwa mwaka pale Tukuyu, ilikuja na radi, na kila radi ni mtambo wa kurushia mawimbi: kwaru! katikati ya habari. FM imetibu ugonjwa huo, kwa kuwa yenyewe husoma mabadiliko ya kasi ya mtikisiko wa wimbi badala ya nguvu yake. Ila FM haipindi kona vizuri. Mlima Rungwe, karibu meta 3,000, ukisimama kati yako na mnara, umekwisha.

Maneno yale yalifanya kazi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu kama milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, na waliposikia walichimba vyoo. Kuanzia 1993 mchezo wa Twende na Wakati ulimfuata Mkwaju, dereva wa lori mwenye wapenzi njiani, habari isiyo ngeni kwa watu wanaoona malori ya Malawi yakipita Tukuyu. Dodoma walipigiwa muziki badala ya mchezo huo hadi 1995, ili watafiti walinganishe. Kwingine, mchezo uliposikika, waliokwenda kutafuta uzazi wa mpango waliongezeka. Sijui Wagogo wa Dodoma waliambiwa nini kuhusu miaka ile miwili!

Ukiwa na redio yenye alama ya MW, subiri usiku, tafuta kituo, kisha igeuze polepole mpaka sauti ikaribie kufa. Hapo ncha moja ya kile kijiti imeelekea kituo kilipo.