Kupatwa kwa Mwezi, Nyota ya Mume na Amani ya Nyumba



Usiku wa Jumapili, tarehe 7 Septemba 2025, mwezi ulipatwa wote juu ya Afrika Mashariki. Kwa muda wa dakika zipatazo 82, tangu saa mbili na nusu usiku, uligeuka mwekundu kama shaba, na wenye anga safi kutoka Mombasa hadi mpaka wa Uganda waliuona kwa macho yao bila ya chombo chochote. Ilikuwa ni ishara kubwa. Lakini kwa baadhi ya watu ulikuwa pia ni msimu wa biashara, kwani kila mwezi au jua linapopatwa hutokea wa kuuza khofu.

Majuma machache baada ya usiku ule nilipigiwa simu na mama mmoja, mwenyeji wa Mombasa, anayeishi na mumewe Chakol, katika njia itokayo Busia kwenda Malaba. Wana duka dogo, na mume huvuka mpaka mara kwa mara kufuata bidhaa Uganda. Mama huyu alikwenda kwa mnajimu, akaulizwa siku aliyozaliwa mumewe, naye akasema ni tarehe 9 Septemba. Mnajimu akapiga hesabu zake, kisha akamwambia kwamba mwezi umepatwa katika buruji ya Hutu, ukielekeana na jua lililokuwa katika Sumbula, buruji ya mumewe. Na kwa kuwa hayo yametokea siku mbili tu kabla ya jua kurejea pale lilipokuwa alipozaliwa, basi mwaka wake wote umefunguliwa kwa kiza. Atapata hasara mpakani, au ataleta mke wa pili. Dawa yake ni kuisafisha nyota, na kusafisha kuna gharama.

Mama alilipa mara mbili kutoka katika mtaji wa duka. Akamkataza mumewe kusafiri bila ya kumwambia sababu, na mume akaanza kumshuku. Hasara iliyotabiriwa ikawa imekwisha ingia nyumbani, na mlango ulioingilia si wa mbinguni.

Ni haki tuanze kwa kuieleza elimu hiyo kama wenyewe wanavyoieleza. Wanajimu wana njia mbili mashuhuri za kutabiri mwaka wa mtu. Ya kwanza ni kutazama kupatwa kwa jua na mwezi: kumetokea katika buruji gani, na je, mahali hapo pana nyota ya mtu? Batlimusi, aliyeishi Misri katika karne ya 2, aliandika kwamba kila saa ya kupatwa kwa jua huleta athari ya mwaka, na kila saa ya kupatwa kwa mwezi huleta athari ya mwezi mmoja. Njia ya pili huitwa tahwili ya mwaka: mnajimu hungoja dakika ambayo jua linarejea mahali hasa lilipokuwa mtu alipozaliwa, akachora sura ya anga ya wakati huo, akaisoma kuwa ndiyo khabari ya mwaka mzima ujao. Abu Ma'shar wa Balkh, aliyefariki mwaka 886, aliitungia njia hiyo kitabu kizima, na kitabu hicho kikafasiriwa mpaka kwa Kiyunani na Kilatini. Kwa hiyo si jambo lililozuliwa jana.

Lakini ukongwe wa jambo si dalili ya ukweli wake. Tuzipime hesabu zao kwa hesabu.

Jua hurejea pale pale kila baada ya siku 365 na saa zinazokaribia sita. Buruji inayochomoza mashariki, ambayo ndiyo nguzo ya sura nzima ya tahwili, husogea daraja moja kila dakika nne, na hubadilika kabisa kila baada ya saa mbili hivi. Basi anayetaka tahwili iliyo sawa sharti ajue wakati aliozaliwa mtu, na aujue kwa dakika. Nani katika wazee wetu anaujua? Mama mkwe wa bibi huyu anakumbuka tu kwamba mwanawe alizaliwa kabla ya alfajiri. Cheti cha kuzaliwa huandika siku, hakiandiki dakika. Hapo ndipo wengi wa wanajimu wetu wa mitaani huiacha tahwili kimya kimya, wakauliza jina la mtu na jina la mamaye, wakayahesabu kwa abjadi na kuyagawa kwa 12. Hiyo ni hesabu ya herufi. Jua halimo, mwezi haumo, na kule kupatwa kulikotajwa mwanzo kumekuwa pambo la kumtisha mteja.

Jambo la pili: kila mwaka jua na mwezi hupatwa, ukijumlisha, si chini ya mara nne, na pengine hufika mara saba. Ukiwa na buruji 12 na nyota kadhaa kwa kila mtu, hapakosekani wa kuambiwa kwamba mwaka huu kumemgusa yeye. Na wangapi duniani wamezaliwa tarehe 9 Septemba? Katika foleni moja ya malori pale Malaba huenda wakawamo madereva kadhaa waliozaliwa siku hiyo. Mmoja atavuka salama, wa pili atachelewa kwa karatasi, wa tatu atapata mzigo mzuri kuliko wote. Kivuli kilikuwa kimoja juu yao wote.

Jambo la tatu ndilo nililomwuliza mama yule. Kupatwa kwa mwezi hurudi karibu na tarehe ile ile kila baada ya miaka 19. Tarehe 7 Septemba 2006 mwezi ulipatwa pia, ingawa kwa sehemu tu, na ulionekana huku kwetu. Nikamwuliza, "Mwaka ule uliofuata, mumeo alipatwa na nini?" Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sheikh, ndio mwaka alionioa." Sisemi kwamba kupatwa kule ndiko kulikoleta ndoa. Nasema kwamba hakukuwa na khabari yoyote juu yake, ya kheri wala ya shari.

Hoja iliyo kubwa kuliko hizi iko katika maisha ya Mtume wetu (S.A.W.). Siku aliyofariki mwanawe Ibrahim, mtoto mchanga aliyempenda na kumlilia, jua lilipatwa pale Madina. Watu wakasema limepatwa kwa ajili ya mauti ya mtoto huyo. Angelikuwa ni mtu wa kutafuta utukufu angelinyamaza tu, na maneno hayo yangelimtukuza. Badala yake, akiwa na msiba moyoni, aliwafundisha watu kwamba jua na mwezi ni ishara mbili miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake. Wakiona hayo waswali, waombe na watoe sadaka. Ikiwa jua halikupatwa kwa ajili ya mwana wa Mtume, mwezi utapatwa vipi kwa ajili ya mzigo wa mfanyabiashara wa Chakol?

Tusichanganye, hata hivyo, falaki na utabiri. Qur'ani yenyewe imetufundisha kwamba jua na mwezi huenda kwa hesabu, na kwa hesabu hiyo tunajua nyakati za swala na kibla, na manahodha wetu walijua njia zao baharini. Al-Biruni aliandika mwaka 1029 kitabu cha kufundisha elimu hizi kwa ajili ya bibi mmoja, Rayhana binti Al-Hasan. Akaeleza ndani yake namna wanajimu wanavyofanya kazi, bila ya kuificha shaka yake juu ya utabiri wao. Mwanamke wa Kiislamu, basi, ana haki ya kuijua falaki. Anayeijua hatishwi nayo. Mwezi uliopatwa tarehe 7 Septemba ulikuwa umekwisha hesabiwa miaka mingi nyuma, kabla ya mume yule kufungua duka. Na uhakika huo wa hesabu ndio anaouazima mnajimu ili neno lake la pili, lisilo na hesabu, nalo lipate kuaminiwa.

Najua kwa nini watu huenda. Maisha ya mpakani hayana uhakika: leo shilingi imeshuka, kesho gari limezuiliwa, na mke anayebaki nyumbani hana cha kufanya ila kungoja. Khofu hiyo ni ya kweli na haifai kuchekwa. Lakini tumeonywa kwamba anayemwendea mpiga ramli akamwuliza jambo, swala yake haikubaliwi masiku arubaini. Na kumsadiki ni kuzito zaidi. Wahenga nao walisema, riziki kama ajali, huitambui ijapo. Mlango wa toba u wazi, na dawa ya khofu tunayo: swala ya istikhara, sadaka, akiba iliyowekwa kando, na mashauriano ya mke na mume. Nilimshauri mama yule ayaseme yote kwa mumewe usiku ule ule, pamoja na khabari ya fedha, kwa kuwa siri ilikuwa inamla kuliko hasara.

Hivi karibuni maneno haya yatarudi kwa nguvu. Tarehe 2 Agosti 2027, Inshaallah, jua litapatwa kabisa katika sehemu za Misri na Bara Arabu. Luxor itaingia gizani kwa zaidi ya dakika sita, na Makka tukufu kwa takriban dakika tano. Kwetu litapatwa kwa sehemu. Watakuja wa kusema hiyo ni dalili ya hili na lile kwa kuwa Makka imo, na watakuja wa kuuliza tarehe zenu za kuzaliwa.

Tujitayarishe mapema. Watoto wafundishwe wasilikodolee jua macho, kwani mwanga wake huunguza jicho ndani bila ya maumivu. Na nyumba ijifunze swala ya kupatwa kwa jua: rakaa mbili, kila rakaa ina visimamo viwili na rukuu mbili, haina adhana wala ikama. Si ya wanaume peke yao. Asmaa binti Abubakar (R.A.) alimkuta Bibi Aisha (R.A.) anaswali jua lilipopatwa, akamwuliza watu wana nini, naye akaashiria mbinguni. Asmaa akasimama akaswali, na kisimamo kilikuwa kirefu mpaka akakaribia kuzimia, akawa anajimwagia maji kichwani.

Yeye pia alishtushwa na kiza cha mchana, na jibu lake lilikuwa ni kusimama mbele ya Mola aliyekileta. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wafuatao njia hiyo, sisi na watoto wetu. Amin.