Nyumba ni ya Mtu, Kivuli ni cha Mtaa

Msomaji, ukishuka gatini Lamu jua la adhuhuri likiwaka, iache njia ya pwani uingie ndani ya mji, upande wa Mkomani. Baada ya hatua chache utahisi jua limekuachia. Kuta ndefu za pande mbili zimeitia njia kivuli, na upepo wa bahari hupenya vichochoroni. Mara nyingi nimezipita njia hizo, na kila mara huona kuwa mjenzi wa kale hakumjengea mwenye nyumba peke yake. Alimkumbuka na mpita njia.

Siku hizi wataalamu wa miji huhimiza mitaa isiyo na magari na nyumba zisizokula umeme mwingi. Huko Freiburg, nchini Ujerumani, mtaa wa Vauban umepata sifa kwa kuwa wakaazi walishiriki kuupanga, na magari yakawekwa pembeni. Wanastahili sifa hizo. Lakini na sisi tunayo ya kuwaonyesha.

Tutazame vifaa kwanza. Ukuta wa Lamu ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake yapata nusu mita, nao hulichelewesha joto lisifike ndani. Dari hubebwa na boriti za mikoko. Na kwa vile boriti ina kikomo cha urefu, vyumba vilijengwa virefu na vyembamba, upana wa kama mita mbili na nusu. Vyote hivyo vilipatikana papo hapo visiwani.

Kisha tutazame adabu yake. Mlangoni pana daka lenye baraza za mawe. Hapo mgeni hupokewa na mambo ya mji huzungumzwa, wala walio ndani hawasumbuliwi. Njia ya kuingilia hupindishwa ili jicho la mpitaji lisifike kiwandani. Ndani ya birika waliwekwa samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu. Na juu ya kichochoro, chumba kiitwacho wikio huunganisha nyumba mbili: akina mama huenda kwa jirani bila kushuka njiani, na apitaye chini hupata kivuli. Wikio huegemea kuta mbili, kwa hivyo halijengeki ila majirani wawe wamepatana.

Hapana shaka mji ule haukuwa pepo. Nyumba za mawe zilikuwa za wenye uwezo, na mikono ya watumwa ilitumika. Wanyonge wengi walikaa nyumba za udongo na makuti, zilizokuwa chakula cha moto. Dhuluma hiyo tuiache ilikozikwa. Busara ya ujenzi ndiyo ya kurithi.

Nayo inatuponyoka. Mtu huongeza ghorofa, dirisha lake likatazama kiwanda cha jirani, sitara ikaondoka. Mwengine huupiga saruji ukuta wa matumbawe. Unyevu ukakosa pa kutokea, ukuta ukalegea, na plasta ikabanduka vipande vipande. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hata huko kuziba kwataka ujuzi.

Mwaka 2001 UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe wa Lamu katika urithi wa dunia. Ni heshima kubwa, ila inahusu mji wa kale. Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa mwaka 2021, na bandari huvuta watu. Watu wakija, mitaa mipya itajengwa. Nani ataipanga?

Wenye kuchora ramani hawana budi kuwaita wakaazi kabla ya kushika kalamu, na kuwauliza maswali matatu: upepo utapita wapi, jirani atasitirika vipi, na aendaye kwa miguu atapata wapi kivuli? Dini yetu imempa jirani haki kubwa. Twaikumbuka haki hiyo tunapompelekea sahani ya futari. Yafaa tuikumbuke pia tunapopasua dirisha.