Traka ya Gari: Inavyofanya Kazi na Pale Inapokwama

Wakazi wengi wa Kitengela, Ngong na Ongata Rongai wanaonunua Subaru Impreza na magari mengine ya kasi huweka kifaa cha kufuatilia gari, maarufu kama traka, hata kabla ya kubadilisha rimu. Wengine hulazimika, kwa kuwa benki iliyowakopesha au kampuni ya bima imetaka hivyo. Wakishalipa na kuwekewa programu kwenye simu, mara nyingi hawaulizi tena lolote hadi siku gari linapotoweka.

Ieleweke kwanza kwamba setilaiti haioni gari lako. Setilaiti za GPS, ambazo ni takriban 31 na zinaendeshwa na Marekani, huizunguka dunia zikiwa juu kiasi cha kilomita 20,200. Kazi yake ni kutuma ishara zinazotaja saa na mahali zilipo. Traka hupokea ishara za setilaiti zisizopungua nne, hupima muda zilizochukua kufika, kisha hukokotoa mahali gari lilipo, ikikosea kwa mita chache tu. Huduma hiyo ni ya bure kwa dunia nzima.

Unacholipia ni safari ya pili ya habari hiyo. Ndani ya traka mna laini ya simu kama iliyo mfukoni mwako, nayo ndiyo inayopeleka taarifa kwa kampuni na hatimaye kwenye simu yako. Bando likiisha, au gari likiingizwa mahali pasipo na mtandao, traka inaweza kujua ilipo lakini haina njia ya kumwambia mtu. Gari likifichwa ndani ya kontena la chuma, au kwenye maegesho ya chini ya ardhi, hata ishara za setilaiti huenda zisiifikie.

Kwa kaunti yetu ya Kajiado, jambo hili lina uzito wa pekee. Kutoka Kitengela hadi mpaka wa Namanga ni takriban kilomita 130 za lami. Gari lililoibwa saa mbili usiku linaweza kuwa mpakani kabla ya saa nne na nusu, na si kila njia ya kuingia Tanzania hupitia kwenye kituo cha forodha. Likivuka, laini ambayo haijaunganishwa na mitandao ya nje hunyamaza. Kwa hivyo muulize anayekuuzia: je, laini hii inafanya kazi Tanzania? Akisitasita, tafuta mwingine.

Muulize pia kama traka ina betri yake ya ndani, na kama hutuma onyo waya wa umeme unapokatwa. Mwizi mzoefu huanza kwa kung'oa betri ya gari. Traka iliyobandikwa chini ya dashibodi, mahali ambapo kila fundi waya huibandika, haitadumu. Wenye magari ya bei kubwa huweka mbili zilizofichwa sehemu tofauti. Hakikisha vilevile kwamba kifaa chenyewe kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Baadhi ya traka huunganishwa na rilei inayokata umeme wa pampu ya mafuta, ili mwenye gari aweze kuizima injini akiwa mbali. Uwezo huu unahitaji tahadhari. Injini ikizimika ghafla gari likiwa mbioni, usukani huwa mzito na breki hupoteza msaada wake baada ya kukanyagwa mara chache. Kwenye barabara ya Namanga, yenye malori na bodaboda, anayegongwa huenda asiwe mwizi. Kampuni makini husubiri gari lipunguze mwendo au lisimame ndipo izime.

Ukigundua gari halipo, piga simu kwa kampuni ya traka na kwa polisi, 999 au 112, papo hapo. Kisha nenda kituo cha polisi kilicho karibu, uandikishe ripoti na upewe nambari ya OB. Utahitaji nambari ya usajili na nambari ya chesisi, kwa hivyo weka nakala ya logbuku kwenye simu yako leo, si usiku huo. Usilifuate gari mwenyewe, wala kwa kundi la marafiki, hata kama simu inakuonyesha liko mtaa wa pili. Waliolichukua huenda wamejihami kwa silaha, na kitone kwenye ramani hakikuelezi ni nani aliye ndani.

Traka pia hurekodi maisha yako: unakofanya kazi, unakoabudu, saa unayofika nyumbani. Hizo ni data za kibinafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kampuni inayozitumia vibaya inaweza kushtakiwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Anayenunua gari kuukuu ndiye husahau zaidi. Kabla ya kumaliza malipo, muulize muuzaji kama gari lina traka, kisha akaunti ihamishwe kwa jina lako na nywila ibadilishwe. Bila hivyo, aliyekuuzia bado anaona unapoliegesha kila usiku, na huenda bado ana ufunguo wa ziada.