Tumbo dogo, ubongo mkubwa: mlo wa mtoto anayeanza kutembea

Akina mama wengi wa Mutanga Sud, mjini Bujumbura, huanza kuhangaika mtoto anapokaribia mwaka mmoja na nusu. Yule aliyekuwa akimaliza bakuli la uji bila kubembelezwa sasa anafumba mdomo, anageuza shingo, anatupa kijiko chini. Bibi anasema ni minyoo. Jirani anasema ni meno. Mfanyakazi wa nyumbani, ambaye ndiye anayeshinda na mtoto mama akiwa ofisini, anaogopa kulaumiwa jioni, basi anambana mikono na kumlisha kwa nguvu. Mtu ambaye hajaulizwa ni mzani.

Mtoto aliyezaliwa na kilo 3 hufikisha karibu kilo 9 anapotimiza mwaka. Katika mwaka wa pili huongeza kilo mbili, mbili na nusu hivi, basi. Urefu nao ni vivyo hivyo: sentimita kama 25 mwaka wa kwanza, kama 12 mwaka wa pili. Mwili uliokuwa ukijengwa kwa kasi umepunguza mwendo, na hamu ya kula inapungua pamoja nao. Mtoto wa miezi 18 anayekula kidogo kuliko alivyokula akiwa na miezi 11 huenda anafanya kile hasa ambacho mwili wake unamtaka afanye.

Ila hofu ya wazazi haikutoka hewani. Kwa miaka mingi Burundi imekuwa miongoni mwa nchi zenye udumavu mkubwa kuliko zote duniani. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2016-2017 ulikuta asilimia 56 ya watoto walio chini ya miaka mitano ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Mjini Bujumbura hali ni nafuu kuliko vijijini, na Mutanga Sud, mtaa wa nyumba zilizozungushiwa kuta jirani na kampasi ya Chuo Kikuu cha Burundi, si mahali ambapo watu wengi hulala na njaa. Lakini wakazi wake wana ndugu vilimani, wameiona njaa kwa macho yao, na kwao maneno "mtoto hali" yanatisha.

Wapo wanaojipoza kwa kusema ufupi ni wa ukoo. Hoja hiyo ilijibiwa mwaka 2006, Shirika la Afya Duniani lilipochapisha viwango vya ukuaji vilivyotokana na kuwapima watoto wa Pelotas nchini Brazili, Accra, Delhi, Oslo, Muscat na Davis nchini Marekani. Wote walinyonya maziwa ya mama, walikula vizuri, walitibiwa walipougua, na mama zao hawakuvuta sigara. Watoto wa mabara mbalimbali, na urefu wao ulikaribiana mno. Udumavu unaoenea nchi nzima hausababishwi na damu. Unasababishwa na chakula, maradhi na maji machafu, na sehemu kubwa yake hutokea kabla ya miaka miwili.

Turudi basi kwenye tumbo. Wataalamu wa lishe hukadiria kwamba tumbo la mtoto hubeba gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 10 ana nafasi ya gramu 300 kwa mlo mmoja, kikombe kikubwa cha chai kikijaa. Juu ya tumbo hilo dogo kuna ubongo ambao, mtoto akitimiza miaka miwili, umekwisha kufikia takriban asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima, nao ni mlaji mkubwa. Mwaka 2014 timu ya Christopher Kuzawa wa Chuo Kikuu cha Northwestern ilionyesha kwamba matumizi ya ubongo huendelea kupanda hadi kufikia kilele mtoto akiwa na miaka kama mitano, wakati unapokula karibu theluthi mbili ya nishati ya mwili uliopumzika. Na ni wakati huohuo mwili hukua polepole kuliko wakati mwingine wowote wa utoto, kana kwamba umeambiwa usubiri zamu yake.

Kwa hiyo swali la mzazi lisiwe mtoto amekula kiasi gani. Liwe ni nini kimechukua nafasi katika zile gramu 300.

Hapa nyumba zenye uwezo hukosea kwa namna yake. Asubuhi mtoto hupewa chai ya maziwa na mkate. Saa nne biskuti na juisi ya boksi. Mchana hagusi maharage, basi anaongezewa maziwa "asilale njaa". Jioni yoghati ya sukari. Kalori zipo, tena za kutosha, na ndiyo maana hali chakula. Madini ndiyo hayapo. Majani ya chai yana tanini, ambayo hushika madini ya chuma tumboni yasifyonzwe. Maziwa ya ng'ombe ni mazuri kwa mtoto aliyevuka mwaka mmoja, lakini yana chuma kidogo sana, na anayekunywa zaidi ya nusu lita kwa siku hubaki bila nafasi ya kitu kingine. Upungufu wa damu Burundi huwakumba zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano. Malaria ina sehemu yake humo, minyoo pia, lakini sahani haiwezi kuachwa nje ya kesi.

Chuma si kwa ajili ya damu tu. Ubongo hukihitaji kutengeneza ala ya mafuta inayofunika nyuzi za neva ili ujumbe upite haraka. Betsy Lozoff, daktari wa watoto kutoka Marekani, aliwafuatilia watoto wa Costa Rica waliokuwa na upungufu mkubwa wa chuma uchangani. Walitibiwa, damu ikarudi, lakini walipopimwa wakiwa na miaka mitano bado walikuwa nyuma ya wenzao katika vipimo vya akili na vya mwendo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1991 na hadi leo ndiyo sababu madaktari hawapendi kusubiri dalili.

Dawa ya sehemu kubwa ya haya iko ziwani. Ndagala, kasamaki ambako wenzetu wa Kigoma wanakaita dagaa, huliwa mzima: kichwa, mifupa, matumbo. Kwa hiyo humpa mtoto protini, chuma, zinki, kalsiamu ya mifupa na vitamini B12 kwa mpigo mmoja, na katika ujazo mdogo, jambo ambalo ndilo tunalolitafuta. Wavuvi huwavua usiku wa giza kwa kuwavuta na taa, hivyo mwezi ukiwa mpevu walio wabichi huadimika sokoni. Wakavu wapo. Wachambue mchanga, wakaange kidogo bila mafuta, wasage wawe unga, weka kwenye chupa kavu. Kijiko kimoja ndani ya uji au maharage yaliyopondwa hakibadilishi sura ya chakula, na nyama ya samaki husaidia pia chuma cha maharage kufyonzwa vizuri zaidi. Ningekuwa na ruhusa ya kubadilisha kitu kimoja tu katika majiko ya mtaa huu, ningeondoa boksi la juisi mezani na kuweka chupa hiyo.

Maharage yaloweke usiku na maji yake uyamwage, kisha uyapike na umpe pamoja na nyanya au kipande cha embe, kwa sababu vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Parachichi, ambalo Bujumbura halihitaji kutafutwa, linaongeza mafuta mengi katika kijiko kidogo. Mawese yana vitamini A. Na yai? Ipo imani, husikika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, kwamba yai humchelewesha mtoto kusema. Haina msingi. Kiini cha yai kina kolini, kirutubisho ambacho ubongo unakitumia kujijenga.

Uji una tatizo lake: ukiuacha mzito mtoto haumezi, ukiuongeza maji unamjaza bila kumlisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti Mosha na Svanberg, wakifanya kazi Tanzania, waliandika juu ya suluhisho ambalo wapika pombe wanalijua tangu zamani. Nafaka iliyooteshwa ina kimeng'enya kinachovunja wanga. Changanya unga kidogo wa kimea cha mtama, ule ambao Warundi wanautumia kwa pombe yao ya impeke, katika uji mzito ulio vuguvugu, nao unalegea bila kuongezewa hata tone la maji. Kisha uchemshe tena kabla ya kumpa. Wasio na muda hununua unga wa mchanganyiko wa nafaka na soya, kama Musalac, na hakuna ubaya, ilimradi usikorogwe kama maji ya kunawa.

Haya yote hayana maana mtoto akifumba mdomo. Karibu na umri wa miezi 18 hadi 24 watoto wengi huanza kukikataa chakula wasichokijua, na pengine hata walichokipenda juzi. Ni umri ambao mtoto ameanza kutembea na anaweza kuokota majani yoyote. Huenda woga huo ndio uliowalinda wahenga wetu wadogo wasile sumu. Utafiti juu ya mapacha wa Uingereza wa miezi 16 ulikuta zaidi ya nusu ya tofauti kati ya mtoto mwoga wa chakula kipya na asiye mwoga inatokana na urithi. Mama asijilaumu kwa hilo, wala mfanyakazi asilaumiwe.

Woga huo hutibiwa kwa kuzoea. Leann Birch, mwanasaikolojia wa Marekani, alionyesha katika mfululizo wa majaribio kwamba mtoto huhitaji kuonja kitu kipya mara nane, kumi, hata kumi na tano kabla ya kukipenda. Wazazi wengi huacha baada ya mara ya tatu. "Hapendi lengalenga," wanasema, na mboga hiyo haionekani tena kwake. Mletee tena kesho, kipande kidogo, pembeni ya kitu anachokipenda, nawe ukila mbele yake. Kumfungua mdomo kwa nguvu huharibu kazi hiyo yote, maana kinachobaki kichwani mwake ni vita. Kumlisha huku akikodolea simu macho ni afadhali kidogo tu: anameza, lakini hajui amekula nini wala ameshiba saa ngapi, na Shirika la Afya Duniani halipendekezi skrini kabisa kwa walio chini ya miaka miwili. Mzazi achague chakula na saa. Mtoto aachiwe kuamua kiasi.

Neno moja juu ya blenda. Nyumba nyingi zenye umeme husaga kila kitu mpaka mtoto anafikisha miaka miwili, kwa hofu ya kukabwa. Karanga nzima kweli asipewe. Lakini watoto wa eneo la Bristol, Uingereza, waliocheleweshewa chakula chenye mabonge hadi baada ya miezi tisa walikuwa na matatizo zaidi ya kula walipofika miaka saba. Kutafuna hufundishwa. Ponda kwa uma, kisha punguza kuponda.

Mezani kuna pia hofu isiyo ya chakula. Wanaohofia kwamba Kirundi, Kiswahili na Kifaransa kwa pamoja vinamchelewesha mtoto kusema nao watulie. Hesabu maneno yake ya lugha zote kwa jumla. Akiwa na miaka miwili anapaswa kuunganisha mawili, hata kama moja ni la Kirundi na la pili la Kiswahili. Na kwa wanaohofia miguu, kuanza kutembea peke yake ni kawaida popote kati ya miezi 8 na karibu 18.

Yapo mambo yasiyosubiri: mtoto anayepungua uzito, anayepaliwa au kukohoa kila anapomeza, anayepoteza uwezo aliokuwa nao, anayevimba miguu, au mwenye mzingo wa mkono wa juu chini ya sentimita 12.5. Chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali, na ni dharura. Kwa wengine wote, chukueni ile kadi ya kliniki iliyosahaulika tangu chanjo ya mwisho, mpelekeni mtoto akapimwe, mtazame mstari wake unaelekea wapi. Tangu Mei 2006 watoto walio chini ya miaka mitano wanatibiwa bure katika vituo vya afya vya umma Burundi, na hiyo ni pamoja na watoto wa Mutanga Sud.