Kuhama bila kupoteza mituweli ya afya

Vita ikikaribia kijiji, tunabeba watoto, jembe na masufuria. Karte ya mituweli inabaki nyumbani. Hata ukiibeba haitoshi: mituweli inalipa tu kwenye vituo vya afya ilivyofanya navyo mkataba. Ukitoka Masisi kuingia Walikale, muuguzi hakujui, mtoto ana homa, na unalipa franki zote.

Mukipata hata siku mbili za kujipanga, ombeni kwa msimamizi karatasi yenye muhuri: michango imelipwa hadi mwezi gani, na majina ya watu wote wa nyumba. Mukifika, ipelekeni kwa mituweli ya huko mbele mtu hajaugua. Mara nyingi memba mpya anangojeshwa miezi kwanza. Kwa karatasi hiyo mutaomba musingojeshwe. Mituweli ziko na sheria ya taifa tangu tarehe 8 Februari 2017, lakini kila moja iko na kanuni zake za ndani. Ulizeni.

Na mukikimbia usiku? Hapo karatasi hakuna. Kooperative ipige picha rejista ya memba na kuituma kwa simu ya memba anayekaa mbali. (Mbegu pia hatuziweki zote ghala moja.) Faktire ya hospitali musiitupe: mituweli zingine zinarudisha sehemu.