Paka wa Sokoke: mzaliwa wa pwani ya Kenya mwenye hati za Ulaya

Wageni wanaofika katika msitu wa Arabuko-Sokoke, kati ya Kilifi na Malindi nchini Kenya, aghalabu huja kutafuta ndege adimu, na mwenye bahati humwona bundi mdogo wa Sokoke amelala mchana juu ya tawi. Ni nadra mtu kuuliza habari za paka. Hata hivyo, kwa wafugaji wa paka wa Denmark na Marekani, Sokoke ni jina la paka kwanza, na msitu ndio unaofuata.

Paka huyo ndiye mfano ulio karibu nasi zaidi wa kile ambacho wafugaji hukiita paka wa nasaba. Tulipokuwa tukitayarisha makala haya tulijadiliana kuhusu neno hilo. Wengine walipendekeza "paka wa asili", lakini hilo lingepotosha, maana paka wa mtaani naye ana asili. Nasaba ndiyo inayoafiki, kwani kinachomtofautisha paka huyu ni kuandikwa: wazazi wake, mababu zake na wazazi wa mababu zake wako katika rejesta, kila mmoja kwa jina na nambari yake.

Kwa jinsi habari hizi zilivyohifadhiwa na wafugaji, mwaka 1978 Jeni Slater, mchoraji wa wanyama aliyekuwa na shamba la minazi karibu na Watamu, alimkuta paka jike na vitoto vyake ambao manyoya yao hayakufanana na ya paka aliowazoea. Alichukua vitoto viwili, dume na jike, akawalea na kuwazalisha. Mwaka 1984 rafiki yake, Gloria Moeldrup, alipeleka baadhi ya paka hao Denmark. Mwanzoni waliitwa paka wa Kiafrika wenye manyoya mafupi, kisha wakapewa jina la msitu. Mwaka 1993 shirikisho la kimataifa la wafugaji wa paka, FIFe, liliwatambua kuwa uzao kamili.

Vitabu vya paka husema kwamba Slater "aliwagundua". Neno hilo linahitaji kupimwa. Wagiriama wanaoishi kandokando ya msitu walikuwa na jina lao, khadzonzo, linalofasiriwa kuwa kama gamba la mti. Kitu kisichojulikana hakipewi jina linalomlingana namna hiyo. Alichokifanya Slater, na ni kazi kubwa, ni kumtenga paka huyo, kumzalisha kwa makusudi na kumfungulia njia ya rejesta.

Je, ni paka mwitu? Wauzaji wengine hupenda kudokeza hivyo, kwa kuwa neno "mwitu" hupandisha bei. Uchunguzi wa vinasaba wa Chuo Kikuu cha California, Davis, uliochapishwa mwaka 2008, ulitoa picha nyingine. Paka wa Sokoke, pamoja na paka wa mitaani wa pwani ya Kenya, wakiwemo wa visiwa vya Lamu na Pate, wamo katika kundi la paka wa kufugwa wa Asia. Anayekumbuka misimu ya kaskazi na majahazi yaliyotia nanga Lamu karne kwa karne huenda asishangae: panya walisafiri na nafaka, na paka wakawafuata panya.

Jinsi ya kumtambua

Cha kutazama kwanza ni manyoya. Paka wengi wa mitaani wenye michirizi huwa na mistari myembamba kama ya pundamilia. Sokoke ana mabaka mapana yanayojizungusha ubavuni, na ndani ya mabaka hayo mna unywele uliochanganya rangi, kila unywele ukiwa na pete za kahawia iliyoiva na kahawia hafifu. Kwa mbali mabaka huonekana kama yametobolewa katikati, na ndipo mfano wa gamba la mti unapoeleweka. Rangi inayokubaliwa ni kahawia pekee. Manyoya ni mafupi, yamelala mwilini, na ya chini yanayoleta joto ni machache au hayapo, jambo linalomfaa mnyama wa pwani lakini linalomtesa katika baridi ya Ulaya.

Kisha mtazame anavyotembea. Miguu ya nyuma ni mirefu kuliko ya mbele, naye huonekana kama anayenyata kwa ncha za vidole. Mwili ni mwembamba wenye misuli, kichwa ni kidogo, na macho ni ya rangi ya kaharabu au kijani hafifu.

Pamoja na hayo yote, paka mwenye mabaka kama hayo anayelala sokoni Malindi hahesabiwi kuwa Sokoke mbele ya rejesta, hata kama ni binamu wa damu. Hana hati. Baadhi ya rejesta huacha mlango wazi kwa paka wasio na nasaba iliyoandikwa: hukaguliwa na waamuzi, na wakilingana na kigezo huandikwa kuwa mwanzo wa ukoo mpya. Kwa uzao uliotokana na paka wachache kiasi hiki, mlango huo ni muhimu kuliko inavyodhaniwa.

Kuchagua dume na jike

Mabaka ya Sokoke hurithiwa kwa njia iliyojificha. Kitoto huyapata akirithi nakala mbili za kinasaba husika, moja kwa baba na nyingine kwa mama. Jike mwenye mistari myembamba anaweza kuwa amebeba nakala moja bila kuonekana. Akizaa na dume mwenye mabaka, inatarajiwa nusu ya vitoto wawe na mabaka. Ndiyo maana mfugaji mzoefu hamkatai paka kwa sura peke yake. Huuliza alizaliwa na nani.

Lakini yanayojificha si mabaka tu. Magonjwa mengi ya kurithi hufuata njia hiyohiyo, na hapa ndipo penye hatari ya uzao huu. Paka wa kwanza waliofika Ulaya walikuwa wachache mno, na walio wengi walikuwa ndugu. Ndugu wawili wa baba na mama mmoja wakizalishwa, kila kitoto kina uwezekano wa asilimia 25, katika kila sehemu ya urithi wake, wa kupata nakala mbili zinazofanana kabisa zilizotoka kwa babu au bibi yuleyule. Jambo hilo likirudiwa vizazi kadhaa, vitoto hupungua idadi, wengine hufa wachanga, na kinga ya mwili hudhoofika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Jeannie Knocker, mkazi wa Kenya, alikusanya paka wengine wa eneo hilo, na damu hiyo mpya ikapelekwa kwa wafugaji wa ng'ambo. Kwa maoni yangu, hatua hiyo ina uzito kuliko tuzo yoyote ya maonyesho: iliwapa wafugaji nafasi ya kuwaozesha paka wasio ndugu.

Kabla ya kuzalisha uzao wowote ni vyema pia kupima kundi la damu. Paka wengi ni wa kundi A, wachache ni wa B. Jike wa kundi B akizaa na dume wa A, vitoto wa A huzaliwa wazima, hunyonya, kisha hudhoofika na kufa katika siku za kwanza, kwa sababu maziwa ya mwanzo hubeba kinga inayoshambulia damu yao. Asiyejua humlaumu paka au husema ni kijicho. Anayejua huwatenga vitoto na mama kwa saa 24 za mwanzo, akawapa maziwa mbadala, kisha huwarudisha.

Kwa anayetaka kununua

Mwombe muuzaji akuonyeshe mama wa vitoto, hati ya nasaba na kadi ya chanjo. Kitoto asitoke kwa mama kabla ya wiki 12. Bei kubwa isiyo na karatasi ni bei ya hadithi.

Anayekusudia kumpeleka paka Umoja wa Ulaya kutoka Kenya aanze mapema. Paka huwekewa kwanza chipu ya utambulisho, kisha huchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Baada ya siku zisizopungua 30 hutolewa damu inayopimwa katika maabara iliyoidhinishwa, na matokeo yakiwa mazuri husubiriwa miezi mitatu tangu siku ya kutolewa damu ndipo aruhusiwe kuingia. Kwa hiyo kitoto aliyechanjwa akiwa na miezi mitatu huwa amekaribia umri wa kuzaa anapopanda ndege, na mfugaji wa pwani ndiye anayemlisha muda wote huo.