Kasongo: Nambari mbili zikipinduliwa, telefone haioni kitu

Telefone ikikataa kufungua kadi ya kumbukumbu, mkaaji wa Kasongo anaipeleka kwa fundi wa sokoni. Fundi anatoa kadi, anaipangusa, anaweka ingine, anajaribu tena. Ikishindikana, lawama inaangukia kadi ao fundi mwenyewe. Wachache wanafikiri kwamba kosa linaweza kuwa ndani ya programu, pahali ambapo bisibisi haifiki.

Telefone nyingi za kugusa kioo zinazotumiwa kusini mwa Maniema, Kasongo sawa na Kabambare, ni za Android. Chini ya Android kuna Linux, programu ambayo Linus Torvalds alianzisha mwaka 1991 akiwa mwanafunzi huko Helsinki, Finland. Ndiyo inayoongea na kadi, sauti, antena na betri.

Inaongea navyo kwa biti. Biti moja ni kama taa ndogo: imewaka ao imezimika, 1 ao 0. Kifaa kinapanga taa hizo kwa mstari, kila moja na maana yake, na hesabu inaanza na 0, si 1. Programu ikitaka kusoma taa nne tu, ya 2 mpaka ya 5, inahitaji kitu kinachofanya kazi ya chekeche: kinachohitajiwa kipite, kingine kibaki.

Ndani ya Linux, chekeche hilo linatengenezwa na msaidizi mdogo anayeitwa GENMASK. Anapewa nambari mbili, kubwa kwanza, ndogo nyuma. Ukimpa 5 na 2, anarudisha 60, ni kusema 4 na 8 na 16 na 32 pamoja. Ukimpa 2 na 5, anarudisha 0. Chekeche halina tundu hata moja! Kila kitu kinachopita hapo kinasomeka kama sifuri.

Ubaya ni kwamba mashine hailalamiki. Sifuri ni nambari halali, kwa hiyo programu inatengenezwa na kusambazwa pasipo onyo lolote.

Mwezi wa saba 2019, mtengenezaji wa programu Joe Perches alituma mfululizo wa masahihisho kwa sababu ya kosa hilo hilo. Nambari zilikuwa zimepinduliwa katika sehemu mbalimbali za Linux: moja ya kuongoza kadi za kumbukumbu, ingine ya sauti, ingine ya Wi-Fi. Waandishi wa sehemu hizo walikuwa watu tofauti, na kila kazi ilikuwa imesomwa na wakaguzi mbele ya kukubaliwa. Macho yalipita juu yake. Mtu aliyezoea kuhesabu kutoka chini kwenda juu anaandika ndogo kwanza, na msomaji mwenye mazoea yale yale haoni shida.

Mwaka 2020 dawa ikaingia ndani ya msaidizi mwenyewe. Rikard Falkeborn aliongeza kipimo: nambari zinazojulikana zikipinduliwa, utengenezaji wa programu unakatala palepale. Kuanzia hapo kosa hilo halikutegemea tena macho ya mkaguzi peke yake.

Mitego mingine ingali. Kuna wasaidizi wawili wa kutafuta taa ya kwanza iliyowaka. Mmoja anaitwa ffs, anahesabu kuanzia 1, na akikosa taa anajibu 0. Mwingine ana jina lile lile lakini mistari miwili ya chini imetangulia, __ffs. Huyu anahesabu kuanzia 0, na taa zote zikiwa zimezimika, jibu lake halina maana yoyote. Mkaguzi anayesoma mbio anawachanganya.

Kwa mwenye telefone, shida iko pengine. Sahihisho likiingia Linux halifiki peke yake Kasongo. Kampuni iliyotengeneza telefone inapashwa kulichukua, kulijaribu na kulituma, na kwa telefone za zamani kampuni nyingi zimekwisha kuacha kutuma. Anayenunua telefone iliyokwisha kutumiwa anabaki na makosa ya siku ilipotengenezwa programu yake.

Siku hiyo inaweza kuonekana. Fungua Paramètres, kisha À propos du téléphone, tafuta Version du noyau. Kwenye telefone nyingi tarehe iko hapo. Ikiwa ni ya 2018, masahihisho ya 2019 hayamo.